KUSOMA NI KUFAHAMU
Somo kwa walimu na wazazi: michezo ya darasani ya kumsaidia mtoto ayafahamu asomayo

Ndugu walimu, na ninyi wazazi mnaowapeleka watoto shuleni, somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo laonekana dogo, nalo ndilo msingi wa masomo yote. Mtoto anapokisoma kitabu, je, afahamu anayoyasoma? Na kama hafahamu, mwalimu afanyeje, ili zoezi la ufahamu lisiwe mzigo wa kuchosha, bali liwe kazi ya furaha ambayo mtoto aitenda kwa akili na macho, na kwa mikono na miguu pia?

1. Sauti nzuri yaweza kudanganya

Kiswahili kina faida moja kubwa katika maandishi yake: herufi zake husomeka karibu sikuzote kwa sauti ile ile. Mtoto akiisha kuzijua silabi, aweza kulitamka neno lolote lililo mbele yake, hata kama hajalisikia tangu kuzaliwa. Sivyo ilivyo kwa Kiingereza, ambamo herufi zile zile hutamkwa hivi katika neno hili, na vingine katika neno lile, hata mtoto hana budi kujifunza maneno mengi moja moja.

Lakini faida hiyo ina hatari yake. Mtoto aweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, asikwame mahali popote, naye hana habari ya yaliyosemwa. Mwalimu asikia sauti, afurahi, aweka alama ya vema. Mzazi asikia nyumbani, asema, "Mwanangu ajua kusoma." Kumbe mtoto amekuwa kama mpiga mbiu asiyejua habari anayoitangaza.

Tena maswali yetu ya kawaida hayatuonyeshi kosa hilo. Itazameni sentensi hii, iliyotungwa makusudi kwa maneno yasiyo na maana yoyote: "Mdulefi alipesha mgwalo wake karibu na chimuzo." Sasa jibuni. Nani alipesha mgwalo? Mdulefi. Alipesha nini? Mgwalo wake. Alipesha wapi? Karibu na chimuzo. Tumeulizwa matatu, tumejibu matatu, na mwalimu ametupa alama zote. Wala hatujui kama mdulefi ni mtu au mnyama, wala mgwalo ni mzigo au ugonjwa. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyofaulu zoezi la ufahamu. Hulitafuta neno la swali ndani ya habari, wakanakili maneno yaliyo kando yake.

Hasara ya jambo hili haionekani katika darasa la kwanza wala la pili. Huonekana baadaye. Mtoto wa darasa la nne ashindwa na hesabu ya maneno, naye ajua sana kujumlisha na kutoa. Kilichomshinda ni kufahamu aliloulizwa. Akifika shule ya sekondari, ambako hapa Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hukuta mzigo umekuwa mara mbili: lugha ni ngeni, na ile kazi ya kutafuta maana hakuizoea hata katika lugha aliyoijua. Na akiwa mtu mzima huletewa karatasi ya kuuza shamba, akaisoma kwa sauti mbele ya mashahidi, akatia sahihi, asijue ametia sahihi jambo gani. Kwa hiyo tusidhani kwamba ufahamu ni pambo la somo. Pasipo ufahamu hapana kusoma.

2. Kupima si kufundisha

Mwaka 1917, huko Marekani, Edward Thorndike aliwapa wanafunzi habari fupi na maswali, kisha akayachunguza kwa makini majibu yao yaliyokosewa. Aliona ya kuwa wengi waliokosa hawakukosa kwa kutoyajua maneno. Walikosa kwa sababu walishika neno moja wakaacha mengine, au walilipa neno dogo uzito mkubwa kuliko lilivyostahili. Akasema kwamba kuifahamu habari ni kama kufanya hesabu: msomaji hana budi kuyapima maneno, kuyachagua na kuyaunganisha, huku akiyaangalia yapatane na swali lililo mbele yake. Yaani, kusoma ni kufikiri.

Kama ndivyo, mtoto yampasa afundishwe namna ya kufikiri juu ya maandishi. Lakini je, twamfundisha? Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, jina lake Dolores Durkin, aliyatangaza aliyoyaona alipoingia madarasani kuangalia masomo ya kusoma. Katika madarasa ya mwaka wa nne, muda uliotumiwa kuwafundisha watoto jinsi ya kufahamu haukufika hata sehemu 1 katika 100 ya muda wote wa somo. Walimu hawakuwa wavivu. Waliuliza maswali mengi na kusahihisha majibu mengi. Lakini kuuliza na kusahihisha ni kupima. Mkulima akienda shambani kila siku kuupima muhindi wake kwa kamba, muhindi hauongezeki kwa kupimwa. Wataka kupaliliwa.

Basi, katika somo hili tutatazama namna ya kupalilia. Na kabla ya kutaja mchezo wowote, twaiweka kanuni moja, ambayo msomaji asiyakumbuke mengine, aikumbuke hiyo: mchezo ambao mtoto aweza kuushinda pasipo kurudi kwenye maandishi si zoezi la kusoma. Waweza kuwa mchezo mwema wa kuchangamsha mwili, lakini hautamfundisha ufahamu. Mchezo ulio mwema humrudisha mtoto kitabuni tena na tena, naye arudi kwa hiari yake, kwa sababu ataka kujua.

3. Habari ya mfano

Ili maneno yetu yasielee hewani, tuichukue habari fupi, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni kwa dakika chache. Habari yenyewe ni hii:

"Hata alfajiri Juma alichukua taa, akaenda kulifungua zizi. Mbuzi wanne wakatoka mbio; wa tano hakutoka. Juma akainama, akamulika ndani. Kisha akacheka peke yake, akakimbia mpaka kwa bibi yake, akasema, 'Bibi, jana jioni nilifunga mbuzi watano. Leo nimehesabu saba, wala hakuna aliyetuletea mbuzi.' Bibi akaacha kuwasha moto. Akatwaa kitambaa kikavu, akasema, 'Wale wanne wapeleke malishoni, lakini huyo mmoja mwache leo. Kisha uje unichotee maji.'"

Angalieni: neno "kuzaa" halimo, wala neno "wana-mbuzi" halimo. Hata hivyo kila mwenye kufahamu ajua ya kuwa usiku ule mbuzi mmoja alizaa mapacha. Amejuaje? Amechukua neno hili hapa na neno lile pale, akayaunganisha na yale aliyoyaona nyumbani kwao. Hiyo ndiyo kazi tunayotaka mtoto aizoee. Mkiuliza, "Juma alichukua nini?" atajibu "Taa," na hamtajua neno lolote juu ya ufahamu wake. Mkiuliza, "Ni jambo gani lililotokea usiku, na ni maneno gani yanayokuonyesha?" hapo mtajua.

4. Kabla ya kufungua kitabu

Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwasomesha wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli, ambao hupendwa sana katika nchi ile. Baada ya kusoma, kila mwanafunzi aliwekewa kiwanja kidogo cha mfano na sanamu za wachezaji, akaambiwa aonyeshe kwa kuzisogeza sanamu jinsi mchezo ulivyokwenda. Wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini wenye kuujua mchezo huo, waliwapita wasomaji hodari wasioujua.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza: mtoto hufahamu kwa kadiri ya mambo anayoyajua. Mtoto wa ufukoni pa Ziwa Viktoria asomapo habari za nyavu na mitumbwi hupata njia nyepesi; mpeni mtoto huyo habari za kuchuma karafuu Pemba, naye atahitaji kuonyeshwa kwanza karafuu ni nini, inakua wapi, na huanikwa jinsi gani. Dakika tano za mazungumzo, pamoja na kitu cha kushika mkononi kama kipo, zaondoa giza nyingi. Kabla ya habari yetu ya mbuzi, waulizeni watoto: nani kwao wafuga mbuzi? Huzaa wana wangapi kwa mara moja? Mama akizaa, hufanyiwa nini?

La pili: angalieni wanafunzi wale walivyoulizwa. Hawakujaza nafasi zilizoachwa wazi katika karatasi, walizisogeza sanamu. Mtoto akionyesha kwa mikono, ufahamu wake waonekana kwa macho, na mahali alipopotea paonekana pia.

5. Michezo mitano

(a) Habari iliyofunikwa. Mwalimu aiandika habari ubaoni kabla ya watoto kuingia, kisha aifunika kwa kitambaa au magazeti. Afunua sentensi moja moja. Akifika kwenye maneno "wa tano hakutoka," asimama na kuuliza, "Kwa nini hakutoka?" Watoto watasema mengi: amekufa, amevunjika mguu, ameliwa na chui, amefungwa kamba. Mwalimu asiseme nani amepata wala nani amekosa. Ayaandike yote pembeni. Kisha afunue tena. Wakifika kwenye "akacheka," wale waliosema amekufa wataona wenyewe kwamba dhana yao haisimami, maana mtu hacheki mbuzi wake akifa. Mtoto aliyelitoa wazo ndiye aje kulifuta. Hapo mwalimu aulize swali ambalo ni kubwa kuliko yote: "Ni neno gani lililokufanya uliache wazo lako la kwanza?" Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo amekwisha kuwa msomaji.

(b) Pembe tatu. Pembe moja ya darasa yaitwa Kweli, ya pili Si Kweli, ya tatu Kitabu Hakikusema. Mwalimu atoa neno, na kila mtoto aenda kwenye pembe anayoona inafaa. Lakini kwanza kila mmoja aandike herufi ya jibu lake katika daftari, asije akamfuata mwenzake aliye hodari. Kwa habari yetu mwalimu aweza kusema: "Juma alipokwenda zizini kulikuwa bado na giza." Hiyo ni kweli, ingawa haikutajwa wazi, taa ndiyo yaonyesha. "Bibi alikuwa amelala Juma alipofika." Si kweli, maana aliacha kuwasha moto. "Mama wa Juma alikuwa safarini." Hapa wengi watakimbilia Kweli, kwa kuwa Juma alimwendea bibi, lakini kitabu hakikusema. Pembe hii ya tatu ndiyo yenye thamani kuu, kwa sababu humfundisha mtoto kutenga lililoandikwa na lile alilolitia yeye mwenyewe. Watu wazima wangapi hugombana juu ya barua, kwa kusoma ndani yake neno ambalo mwandishi hakuliandika! Ikiwa darasa limejaa na hapana nafasi ya kutembea, mkono kichwani uwe Kweli, mkono kifuani Si Kweli, mkono mezani Kitabu Hakikusema.

(c) Igizo la kimya na waamuzi. Watoto watatu au wanne waigiza habari bila kusema neno, nao wengine wote ni waamuzi, kila mmoja akiitazama habari ubaoni au kitabuni. Mwigizaji akikosa, mwamuzi anyanyua mkono na kusema, "Kitabu!" Kisha hana budi kuyasoma kwa sauti maneno yanayothibitisha kosa. "Juma hakuchukua taa." "Bibi alitwaa kitambaa kabla ya kuacha moto." Asiyeweza kuonyesha maneno, hukumu yake haipokelewi. Hivyo wale wanaotazama ndio wanaosoma zaidi. Huisoma habari ile ile mara saba au nane, wala hawachoki, kwa kuwa kila mara wana jambo wanalolitafuta.

(d) Uzi wa maana. Mwalimu aandika kila sentensi katika kipande cha boksi, awape watoto waliosimama mbele, nao wajipange kwa taratibu ya habari. Kazi hiyo peke yake ni njema, maana yawalazimu kuyaangalia maneno kama "kisha" na "hata." Lakini kuna kazi ya pili. Mwalimu atwaa uzi, auliza, "Ni nani aliyeinama?" Mtoto mwenye sentensi hiyo ashika ncha moja, apeleka ncha ya pili kwa mwenye jina la Juma. "Akasema" imeandikwa mara mbili. Ya kwanza ni ya nani, na ya pili ni ya nani? "Huyo mmoja" ni yupi? Uzi waenda mpaka "wa tano." "Kulifungua": hiyo "li" yaelekea kitu gani? Yaelekea zizi. Lugha yetu hubeba watu na vitu ndani ya silabi ndogo kama hizo, na mtoto asiyezifuata hupotea katikati ya habari, asijue nani amemtendea nani. Uzi ukiisha kunyoshwa, darasa zima laona kwa macho jinsi habari moja inavyofumwa.

(e) Mwalimu mdogo. Njia hii ilitangazwa mwaka 1984 na Annemarie Palincsar na Ann Brown, waliowashughulikia watoto wa Marekani waliojua kutamka maneno vizuri lakini wenye shida ya kufahamu. Watoto hukaa vikundi vidogo, wasome kifungu kimoja, kisha mmoja wao awe mwalimu. Kazi zake ni nne: aulize swali juu ya kifungu, afupishe habari kwa maneno yake mwenyewe, afafanue neno au jambo lililo gumu, na abashiri yatakayofuata. Katika kifungu cha pili mwingine ashika kazi hiyo, hata wote wapate zamu. Kwanza mwalimu mkubwa awaonyeshe jinsi ya kutenda, naye awasaidie sana; kisha apunguze msaada wake kidogo kidogo, kama amfundishaye mtoto kuendesha baisikeli, ashikaye kiti na kukiachia polepole. Watafiti wale waliona ufahamu wa watoto wale ukiongezeka sana, na njia yao imefuatwa katika nchi nyingi tangu wakati ule. Siri yake ni nyepesi. Mtu hawezi kutunga swali jema juu ya habari asiyoifahamu. Swali likitoka kinywani mwa mwalimu na kuhamia kinywani mwa mtoto, kazi ya kufikiri yahama pamoja nalo.

6. Darasa kubwa na vitabu vichache

Wengine watasema, "Haya yote ni mema kwa mwenye watoto ishirini. Mimi ninao themanini, na kitabu kimoja husomwa na watano." Neno hilo ni kweli, wala hatulidharau. Lakini angalieni michezo tuliyoitaja: hapana hata mmoja unaotaka vitabu vingi. Ubao mmoja, chaki, kitambaa, maboksi ya dukani na uzi vyatosha. Habari iwe fupi, mistari sita mpaka kumi, ili ienee ubaoni kwa herufi kubwa ambazo hata aliye nyuma azione.

Kwa watoto themanini, gawanyeni darasa kwa safu. Safu moja yaigiza, safu nyingine ni waamuzi, safu ya tatu yatunga maswali, safu ya nne yaandika ufupisho, kesho wabadilishane. Vikundi vya mwalimu mdogo vyaweza kuwa vya watoto watano watano, wakizunguka kitabu chao kimoja. Hapo upungufu wa vitabu wageuka kuwa sababu ya kuzungumza pamoja. Wala msijaribu michezo yote mitano kwa siku moja. Mchezo mmoja kwa somo moja, dakika kumi na tano au ishirini, watosha. Na dakika zinazobaki ziwe za kusoma kimya na kuandika.

7. Mambo ya kujihadhari nayo

Kwanza, michezo hii haichukui nafasi ya kufundisha herufi na silabi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuifahamu lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto asiyeweza kutamka maneno afundishwe kwanza kutamka. Na wakati huo asomewe habari kwa sauti, ili naye abashiri na kuigiza pamoja na wenzake.

Pili, tangu jibu la kwanza mtoto asichekwe kwa dhana iliyokosea. Akichekwa mara moja hatabashiri tena. Atangojea wenzake, atanakili. Dhana iliyokosa, ikafutwa na mwenyewe kwa neno la kitabuni, ni ushindi. Yafaa mwalimu ampongeze zaidi aliyebadili wazo lake kwa sababu njema, kuliko aliyepata kwa bahati.

Tatu, mashindano ya mbio si mema katika kazi hii. Mkimpa zawadi anayemaliza wa kwanza, mmewafundisha watoto kuruka maneno. Mpeni sifa mwenye ushahidi.

Nne, katika nchi yetu watoto wengi huja shuleni wakiwa na lugha ya nyumbani iliyo nyingine, kama Kichaga, Kihehe au Kihaya. Mtoto akikwama kufafanua, mwacheni amweleze mwenzake kwa lugha yao, kisha wasaidiane kulisema jambo hilo kwa Kiswahili. Kumnyima lugha pekee aliyo nayo ni kumnyima kufikiri.

Tano, kelele. Darasa linalofikiri lina sauti, kama mzinga wa nyuki ulivyo na sauti. Mwalimu mkuu akipita, asistuke. Lakini mwalimu awe na ishara moja, kama mkono ulioinuliwa au kengele ndogo, ambayo ikionekana au ikisikika wote hunyamaza. Aifundishe ishara hiyo siku ya kwanza, kabla ya mchezo wowote.

8. Neno kwa wazazi

Msaada wa nyumbani hautaki elimu kubwa. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu wa ufahamu. Mtoto akirudi na kitabu, asiambiwe tu, "Soma nisikie." Aambiwe, "Soma, kisha unisimulie." Akiisha kusimulia, aulizwe, "Umejuaje?" na, "Je, imeandikwa, au wadhani wewe?" Maswali hayo hayana gharama. Mtoto akijua kwamba jioni bibi yake angojea hadithi, atasoma mchana kwa kutafuta hadithi, wala si kwa kumaliza mistari. Maana bibi haridhiki na nusu ya kisa. Atauliza mbuzi alizaa wangapi, na kwa nini Juma alicheka.

9. Maswali ya kuzungumza pamoja

Walimu wakutanapo, yafaa wayatafakari haya:

Katika maswali ya ufahamu tuliyouliza wiki iliyopita, ni mangapi ambayo mtoto aliweza kuyajibu kama tulivyoyajibu yale ya mdulefi na mgwalo wake?

Katika somo la kusoma, nani huuliza zaidi, mwalimu au watoto? Tufanye nini ili watoto waulize walau maswali matano katika kila somo?

Tuchague habari moja ya kitabu tunachokitumia sasa, tuandike maneno sita kwa mchezo wa pembe tatu: mawili ya Kweli, mawili ya Si Kweli, mawili ya Kitabu Hakikusema. Je, sisi wenyewe twakubaliana juu ya majibu yote sita?

Ndugu, msingojee vitabu vipya wala semina. Chagueni habari moja fupi, mchezo mmoja, na siku moja ya wiki ijayo. Baada ya mwezi mpeni mtoto habari asiyopata kuiona, asome kimya, kisha aisimulie bila kutazama. Mkiona amesimulia kwa maneno yake mwenyewe, na mkimwuliza "Umejuaje?" akaweka kidole chake penye neno lililo ndilo, jueni ya kuwa mtoto huyo amejua kusoma.